Printa ya ofisi Lamu: tafuta kwanza tundu la LAN

Malalamiko yanayonifikia kutoka mitaa ya Mkomani na Langoni ni yale yale: printa mpya ya waifai, asubuhi inachapa vizuri, baada ya adhuhuri kompyuta inasema haioni mashine. Fundi anaitwa, anabadilisha hiki na kile, anachukua hela yake, kesho ni vile vile.

Jamani, nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Rauta ikiwa ukumbini, mawimbi yake hufika chumba cha ndani yakiwa hoi. Ndiyo maana hapa sizungumzii kasi wala rangi. Hayo yameandikwa kwenye boksi. Nazungumzia tundu la LAN, la kuunganisha printa na rauta kwa waya, ambalo hakuna anayeliuliza.

Kwa mashine nyingi liko nyuma, kwa baadhi liko ndani chini ya skana; ni pana, lenye pini nane, na huingia kichwa cha waya kiitwacho RJ-45. Mashine zenye faksi zina pia tundu jembamba lililoandikwa LINE: hilo ni la RJ-11, la waya wa simu. Nimemsikia muuzaji akimwonyesha mteja tundu hilo la simu na kumwambia ndilo la intaneti! Faksi hutuma karatasi kwa milio kupitia laini ya simu. Laini ya simu ya mkononi hubana sauti na kuivuruga milio hiyo. Ofisi isiyo na simu ya waya inalipia faksi bure.

Namba moja kwangu ni Brother DCP-T820DW, na sifichi kwamba naipenda Brother. Ina LAN, hugeuza karatasi yenyewe, wino ni wa chupa, na faksi haimo. Mwenye laini ya waya achukue MFC-T920DW. Kwa Brother, kwa kawaida DCP haina faksi, MFC inayo.

Ya pili ni Epson L5290. LAN ipo, faksi ipo, lakini pande mbili unageuza karatasi kwa mkono. Kwa ofisi ya wakili inayochapa mikataba kutwa, hiyo ni adha.

Epson L3250 ni ya waifai na USB, L3210 ni USB tu. Za nyumbani hizo.

Waya wa mtandao wa daraja la Cat5e unatosha, lakini uwe wa shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba. Kisha ndani ya rauta ipe printa anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao) isiyobadilika, maana DHCP, ule utaratibu wa rauta wa kugawa anwani, ikiigawia nyingine, kompyuta huendelea kuitafuta kwenye ile ya zamani.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Nauli ya boti na punda kutoka Mokowe, gati la bara, tunaijua, na haifanani na wanachoongeza juu ya bei ya Mombasa. Tena boksi hawafungui mpaka ulipe, na likishafunguliwa hawalipokei. Ukikataliwa kuona tundu la LAN, agiza Mombasa. Mzigo utafika Mokowe kwa basi.