Bundi wa plastiki na kunguru wa Kigamboni: uzoefu wangu wa miezi mitano

Nianze na bei, maana najua wengi ndiyo mnayoitafuta. Shilingi 38,000, Kariakoo, baada ya kubembelezana kutoka 45,000. Ni bundi wa plastiki, tupu ndani, kimo chake kama dhiraa moja. Macho ya njano yanayong'aa, shingoni ana springi ili kichwa kizunguke upepo ukivuma, na chini ana tundu lenye kizibo, unamjaza mchanga ili asiangushwe na upepo. Muuzaji aliniambia, "Dada, ukishamweka huyu, hata shomoro hagusi bati lako." Nikaamini. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira ni mteja mzuri.

Hasira yenyewe ilikuwa ya vifaranga. Tetea wangu wa kienyeji alitotoa 11, na wiki ya pili haijaisha walikuwa wamebaki 4. Mmoja alibebwa na mwewe, hilo nililiona kwa macho yangu. Wale wengine sita walichukuliwa na kunguru, hawa weusi wenye shingo ya kijivu. Mwewe anakuja siku moja moja, watoto wakipiga kelele anaondoka. Kunguru anakaa juu ya ukuta anakutazama ukifagia, anakutazama ukiingia ndani, ukitoka tu na sufuria umekuta kifaranga hayupo. Ameshaniibia sabuni ya kuogea, amekula mayai, ameparua mfuko wa dagaa niliouanika dakika tano. Methali inasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Huyo mwoga mimi sijabahatika kuonana naye.

Hawa si wenyeji hata. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka za mji, na leo wamejaa pwani yote. Kenya mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Sasa serikali nzima inahesabu milioni, mimi nakwenda kupambana nao kwa bundi wa shilingi 38,000.

Nilimpandisha juu ya kibanda cha simtanki siku ya Jumamosi. Siku mbili za kwanza nilifurahi kweli. Kunguru walihamia kwenye nguzo ya umeme ng'ambo ya barabara, wakawa wanachungulia tu. Nikampigia simu mdogo wangu kumringia.

Jumatatu alfajiri niliamshwa na kelele, nikadhani pana nyoka. Kumbe ni wao. Walikuwa zaidi ya 20, wamemzunguka bundi wangu wanamzomea, mmoja mmoja anashuka na kumpiga kisogoni kisha anarudi juu. Ilichukua kama saa nzima. Wale ambao siku zote walikuwa kwa majirani, siku hiyo walikuja kwangu.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Kunguru na bundi ni maadui wa tangu na tangu. Bundi huwinda usiku kunguru akiwa amelala, kwa hiyo kunguru akimwona mchana, wakati mwenzake hana nguvu, huita kundi zima waje wamfukuze. Marekani wawindaji wa kunguru huweka bundi wa bandia makusudi ili kunguru wakusanyike wapigwe risasi. Yaani kifaa nilichouziwa kuwafukuza ni kilekile ambacho wenzetu wanakitumia kuwaita. Hili kwenye boksi halijaandikwa.

Kufika wiki ya pili hata kumzomea waliacha. Walishajua kwamba hana lolote. Asubuhi moja nilimkuta kunguru amekaa juu ya kichwa cha bundi, upepo ukivuma kichwa kinazunguka, naye anazunguka nacho ametulia kama mtoto kwenye pembea.

Walioogopa ni watu. Nilikuwa nimesahau kabisa, na mimi ni mtu wa Pwani, sina udhuru. Bibi wa nyumba ya nyuma, ambaye kila asubuhi namwamkia, siku ya tatu hakuitikia shikamoo yangu. Siku ya nne alikuja mwenyewe: "Mjukuu wangu, hilo lidude umelielekeza kwangu kwa nini? Mimi nimekukosea nini?" Nikamweleza ni plastiki, nikamshusha akamshika kwa mkono wake. Akasema plastiki ameiona, ila macho yale yanamtazama chumbani kwake usiku taa za bodaboda zikipita. Juma lile palitokea msiba mtaani, mzee aliyekuwa mgonjwa muda mrefu, na nikasikia kwa fundi cherehani kwamba watu wanahesabu siku tangu bundi alipotua kwangu. Mjumbe akaja kwa upole kuniomba nimgeuze aangalie baharini. Nikamgeuza.

Kama wewe unaishi mahali ambapo bundi akilia juu ya paa watu wanaanza kuulizana nani anaumwa, fikiria hili kabla hujatoa hela. Yupo pia mwewe wa kitambaa anayefungwa kwenye fimbo ndefu akaelea kama tiara. Sijamjaribu, lakini angalau hatakuletea mjumbe.

Nisimwonee bundi, yapo aliyofanya vizuri. Kaka yangu Tabata ana shida ya njiwa, wanalala kwenye kenchi za banda lake la gari na kuchafua kila kitu. Nilimwazima mwezi mzima. Njiwa walipotea wiki mbili hivi, kisha wakaanza kurudi. Kaka akawa anamhamisha kila baada ya siku mbili tatu, leo kwenye bati, kesho juu ya geti, keshokutwa hamweki kabisa. Hapo wakawa wanasitasita tena. Kwa hiyo kwa njiwa anafanya kazi, ila ujue umenunua kazi ya kupanda ngazi. Ndege yeyote akiona adui hajawahi kusogea, hajala mtu, anakaa palepale juzi na jana na leo, atamzoea. Ndiyo maana kule Wimbledon, kwenye viwanja vya tenisi, njiwa hufukuzwa na mwewe mzima mwenye pumzi, anaitwa Rufus, anarushwa asubuhi kabla watazamaji hawajaingia. Rufus anaweza kumla mtu. Wangu hawezi.

Kijana mmoja jirani alinishauri nitundike kunguru aliyekufa. Yeye alifanya hivyo, na kweli walikusanyika, wakalia sana, kisha hawakutua kwake siku nyingi. Sijui kama nina moyo huo, na pia naogopa kuwekwa kwenye orodha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle waliwakamata kunguru wa kwao wakiwa wamevaa vinyago, na miaka kadhaa baadaye kunguru walikuwa bado wanakizomea kinyago kilekile. Mimi sura yangu ni hii moja.

Uimara: hafifu. Kwa chumvi ya upepo wa bahari springi ilipata kutu mwezi wa tatu, sasa kichwa kimekwama kinaangalia kushoto. Rangi ya kahawia imepauka upande wa jua. Kizibo cha chini kilipasuka siku ya kwanza nikaziba kwa mfuko.

Kilichookoa vifaranga ni wavu. Nilinunua waya wa kuku, fundi akafunika ua wa banda juu na pembeni, na wiki za mwanzo vifaranga nawafungia ndani ya tenga na mama yao. Pipa la taka nikalitia mfuniko wenye jiwe. Utotoaji uliofuata walitoka 9, wapo 8, na huyo mmoja alikanyagwa na mama yake.

Nampa nyota mbili kati ya tano, zote mbili za njiwa wa Tabata. Sasa yuko stoo, nimemfunika gunia la mkaa. Juzi umeme ulikatika nikaingia na tochi kutafuta mafuta ya taa, gunia lilikuwa limeteleza. Nilitoka bila mafuta ya taa.