Mauntini ngumu kwenye Vitz: ati nishukuru, napata masaji ya bure

Anayetaka kujua ubaya wa mauntini ngumu, yaani zile raba zinazoishika injini kwenye mwili wa gari, asihangaike kusoma. Akae kwenye foleni ya Darajani, hapa Unguja, saa kumi alasiri, gia imo kwenye D, mguu kwenye breki, kiyoyozi kimewashwa. Mie usukani ulikuwa unatetemeka mpaka pete yangu inagonga juu yake. Kioo cha kati kinacheza, taa mbili za gari ya nyuma naziona nne. Droo ya dashibodi ilikuwa inalia zzzz. Nikaifungua, nikatoa kila kilichomo, hata karatasi za bima, nikaifunga. Bado inalia. Chenji nilizoziacha kwenye kishimo cha kuwekea kikombe zikawa zinahama zenyewe kutoka ukingo mmoja hadi mwengine.

Gari ni Vitz, ile ya plagi tatu, auto. Sina ugomvi nayo. Mauntini zake za zamani zilikuwa zimekufa kweli. Ile ya kulia, upande wa mnyororo wa taimingi, ilipasuka, kimiminika kilichokuwemo ndani kikavuja na kuacha weusi juu ya chuma. Ukitia R, gudu. Ukirudi D, gudu. Kila fundi aliyefungua boneti alisema hilo hilo, kwamba zibadilishwe, na mie nilikuwa tayari.

Ugomvi ni nilichouziwa na nilivyojibiwa baadaye. Hasa nilivyojibiwa.

Nilikwenda duka moja la spea hapa mjini, kabla ya Ramadhani iliyopita, nikitaka raba za kawaida tu. Kijana wa dukani, rika la mwanangu wa mwisho, akanipokea kwa shikamoo ndefu na kiti. Akanitolea boksi lenye vitu vyekundu, vya plastiki ngumu inayovutika kidogo kama raba. "Bi mkubwa, hizi ndio mwisho wa matatizo. Poliurethani hizi. Hazipasuki, mafuta hayazidhuru, wanafunga watu wa magari ya mashindano." Nikamwambia, mwanangu, gari yangu haishindani na mtu, inanipeleka skuli na kunirudisha Fuoni. Je, haitotetemeka? Akanambia, "Hata hutosikia."

Maneno hayo hayo. Hata hutosikia.

Nikatoa laki tatu na ushei, zikafungwa zote: ya kulia, ya kushoto inayoshika gia boksi, na ile ya chini. Gereji iko nyuma ya duka na ni yao wenyewe, kwa hiyo lawama haina pa kugawika. Nilikaa hapo hapo kwenye benchi nikiangalia. Jeki chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kipande cha ubao katikati, mauntini zikaingia, boliti zikakazwa zote kwa nguvu, kisha jeki ikashushwa. Kumbukeni mpangilio huo, nitaurudia.

Siku ya kwanza nilijipa moyo kwamba ni mpya, zitalainika. Wapo wanaosema hivyo na si uongo, raba hizi hutulia kidogo ukishatembea nazo. Zangu sijui zilikuwa zinasubiri nini.

Idi nikampeleka mama mkwe kwao Makunduchi. Tukitoka Tunguu, barabara imefunguka, gari ilikuwa nzuri ajabu, lazima niseme, imetulia na inakwenda sawa. Tatizo ni pale unapopunguza. Kwenye matuta ya Jozani, yale yaliyowekwa kuwakinga kima punju wasigongwe, kila nikishuka mwendo raundi zinashuka, na zikishuka tu mtetemeko huo unapanda kwenye viti. Tuta la kwanza mama mkwe alinyamaza. La pili akashika mlango. Baadaye akanigeukia: "Mkwe, gari hii imepandisha? Kama ina shetani wake ipungwe, isije ikatutia shimoni na sikukuu." Nilicheka, lakini kwa aibu. Kurudi alikataa kukaa mbele.

Mie nasomesha hesabu, basi nikakaa na kalamu. Injini ya aina hii, kila plagi inawaka mara moja kwa kila mizunguko miwili. Plagi tatu, raundi 800 gari imesimama kwenye sailensi, ni mapigo 1,200 kwa dakika, yaani 20 kwa sekunde. Injini ya plagi nne kwa raundi hizo hizo inapata karibu 27. Mapigo yakiwa machache kila moja linafika mwilini, na injini ya plagi tatu kwa maumbile yake inayumba ncha kwa ncha. Ukiwasha kiyoyozi na gia imo D unaiongezea mzigo juu yake. Ndiyo maana kiwanda kikaweka raba laini, na upande mmoja kikatia kimiminika ndani. Mauntini ina kazi mbili zinazogombana: kuishika injini isirukeruke, na kuiacha itetemeke peke yake bila kuugusa mwili wa gari. Ukizidisha ugumu unapata ya kwanza, unaipoteza ya pili. Hakuna mauntini ya raba ngumu tupu inayokupa zote, hata uilipie nini. Muuzaji aliyekaa na vitu hivi rafuni anajua. Boksi lenyewe lina namba ya ugumu, nilipomuuliza maana yake akasema ni namba ya mzigo.

Na faida yake nani anaiona? Mwenye gari ya manyuali, anayekwenda kasi na kubadilisha gia kwa pupa, huyo injini ikitulia anaisikia kwenye kijiti cha gia. Gari yangu ni auto ya mkanda, ile wanayoiita CVT, hakuna hata gia ya kuruka. Nimelipia ladha ambayo sina ulimi wa kuionja.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike.

Nilirudi dukani. Shikamoo ya siku ya kuuza haikuwepo, kiti hakikuwepo. Kijana alikuwa na bakuli la urojo mkononi, na hakunyanyuka. Nikamwambia njoo ukae ndani uone mwenyewe. Akaja, bakuli na kijiko mkononi, hakukaa. Akaingiza mkono dirishani akapandisha redio mpaka mwisho. "Unasikia tena?" Wenziwe wa gereji wakaanza kucheka. Nikazima redio. Nikamwambia mwanangu, sikuja kufanyiwa mzaha, nimekuja na gari inayotikisa meno. Akachota urojo wake, akameza, ndipo akanambia: "Bi mkubwa, watu wanakwenda Nungwi wanalipa dola kwa masaji. Wewe unapata bure, tena umekaa."

Masaji! Mimi, mtu mzima, mbele ya vijana waliochafuka mafuta wanaopigana makofi kwa kicheko. Nimesomesha watoto wa mji huu miaka na miaka, yumkini na baba yake nimemsomesha, na hajapata mtoto kunijibu vile hata yule aliyekuwa hataki kabisa skuli. Nilipotaja kurudishiwa pesa akanyoosha kijiko kwenye kibao: mali ikishauzwa hairudishwi. Hakusema hata pole. Neno pole linagharimu kiasi gani?

Nilitoka pale nimeshaamua kwamba mauntini hizi ni takataka na nitamwambia kila mwenye gari kisiwani. Kama ningeandika siku ile msingepata hata sentensi moja ya haki.

Shemeji yangu akanipeleka kwa mzee mmoja Mwanakwerekwe, fundi wa siku nyingi, gereji yake ni mwembe na turubai. Hakuuliza nimenunua wapi. Aliuliza, "Boliti walizikaza jeki ikiwa bado chini ya injini?" Nikamwambia ndiyo, ami, niliona kwa macho yangu. Akatikisa kichwa. Akazilegeza kidogo, bila kuzitoa, akawasha gari, akatia D, akatia R, akarudisha N, injini ikajikalia inapotaka yenyewe. Akazima, akaikaza moja baada ya moja. Kazi ya nusu saa, na zaidi ya nusu yake ni kupambana na kutu, maana hewa ya bahari haiachi boliti. Akanieleza kwamba injini ikifungwa huku inasukumwa na jeki, raba inabaki imejipinda siku zote, na raba ngumu haisamehe kupindwa kama ile laini.

Droo ikanyamaza. Wallahi, droo ikanyamaza pale pale. Usukani ukabaki na mtetemo, lakini wa kuvumilika. Gudu la kutia R halipo kabisa, na kutoka kwenye makutano ya Kiembe Samaki gari inaondoka bila kujirusha. Hapo nikawa sina tena hakika nimkasirikie nani. Kitu si kibovu kama nilivyosema. Kilifungwa vibaya. Ila hata kikifungwa vizuri si cha gari hii, na aliyeniuzia ndiye aliyefunga, kwa hiyo nimezunguka na kurudi pale pale.

Foleni ya Darajani na kiyoyozi ndiyo iliyonishinda hata baada ya kazi ya mzee. Akanishauri niibakishe ile ya chini peke yake. Ile haibebi uzito, inazuia tu injini isijipinde mbele na nyuma, na ndiyo yenye faida kubwa kwa adha ndogo. Kulia na kushoto, zinazobeba, akanifungia raba za kawaida za mtumba kutoka Japani, zilizotoka kwenye gari iliyokatwa. Sasa gari iko vizuri. Iko vizuri kuliko nilivyoinunua, ukitaka ukweli, na sehemu ya uzuri huo ni kile kidude chekundu cha chini.

Kwa hiyo nyota: ya chini, nne kati ya tano. Zile mbili za kulia na kushoto, kwa Vitz ya plagi tatu ya auto, moja, na hiyo moja ni kwa sababu rangi inapendeza. Kwa gari ya plagi nne ya manyuali sitobisha mtu akinambia ni tatu. Duka silipi nyota.

Juzi yule kijana kanipigia simu. Ati kapata mteja anayezitaka zile mbili, atanipa nusu ya bei. Nikamwambia bei kamili, na azifuate mwenyewe Fuoni, apige hodi kama wanavyopiga watu. Hajapiga tena. Basi zimo kwenye buti, zimefungwa gazeti, hazijapasuka wala kuchubuka. Mwenye Vitz ya manyuali aje tuelewane, robo nitapunguza. Mwenye auto ya plagi tatu asije, simuuzii.