KEF Q150: spika ndogo kwenye chumba chenye mwangwi

Mama Zawadi alipofungua boksi alicheka. "Baba Zawadi, sabufa umeiuza kwa ajili ya hivi vidude?"

Sikumlaumu. Sabufa ile ilikuwa na taa za kijani na bluu, na mbele iliandikwa PMPO, yaani kilele cha nguvu wanachodai, wati 12,000. Ila nyuma, kwenye kibandiko kidogo karibu na waya wa umeme, waliiandika wenyewe kwamba inakula wati 60. Hizo 11,940 zilizobaki ilikuwa inazichuma wapi, wanajua wao.

Vidude vyenyewe ni KEF Q150, spika za kuweka juu ya meza au stendi. KEF ni kampuni ya Uingereza, ilianzia Maidstone mwaka 1961, na toleo hili lilitoka 2017. Kila moja ina kimo cha sentimita 30 na uzito wa kilo 5.6. Shemeji yangu alizipata za mtumba huko Leicester kwa pauni 230, akazifungia kwenye sanduku la nguo la kilo 23. Karibu nusu ya sanduku lake ikawa mzigo wangu, na mpaka leo ananikumbusha.

Kabla ya hapo nilikuwa nimezunguka Kariakoo Jumamosi tatu. Nilibeba flashi yenye vitu vitatu: taarabu ya Unguja yenye kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) na fidla, muziki wa dansi wa miaka ya sabini ambao nakala yangu ni mono, na sauti ya binti yangu Zawadi akisoma kitabu chake cha darasa la tatu, niliyoirekodi kwa simu. Hicho cha tatu ndicho kipimo changu kikubwa. Besi mtu anaweza kukudanganya nayo, lakini sauti ya mwanao unaijua.

Duka la kwanza kijana alinikalisha mbele ya spika za kusimama zinazonifika kifuani, akaweka kibao chake mwenyewe, akakoleza besi mpaka suruali inapepea. "Umeisikia hiyo, bosi?" Nikamwambia nimeisikia, sasa weka yangu. Zawadi akasoma kama mtu aliyetumbukia ndani ya pipa. Kijana akasema rekodi yangu ni mbovu.

Ilala nikakutana na fundi mwenye spika kubwa za zamani za Kijapani, njia tatu, yaani besi, sauti ya kati na nyembamba kila moja na spika yake ndani ya boksi moja, mbao nzuri kabisa. Nusura nizinunue. Ila zile za umri huo usitazame mbao, tazama ukingo wa koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika. Kama ni wa sponji, kwa joto letu hili huwa unaoza na kumomonyoka kama mkate mkavu, wakati ule wa mpira hudumu zaidi. Hizi sponji ilishabadilishwa. Nikaomba nizisukume koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, pande zote sawasawa. Moja ilikwenda na kurudi kimya. Nyingine ikasema krrr, kama mchanga chini ya ndala. Hapo ni koili, waya uliozungushwa nyuma ya koni, inasugua.

Tukazipiga hivyo hivyo. Besi hakuna! Spika za saizi ile, besi hakuna. Nikachukua betri ya volti 1.5 kwenye rimoti ya fundi mwenyewe, nikagusisha kwenye vituo vya kila spika, chanya kwa chanya. Koni ya kushoto ikatoka nje, ya kulia ikaingia ndani. Waya wa ndani uliunganishwa kinyume wakati wa kubadili sponji, kwa hiyo moja ilikuwa inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi zinauana hapo katikati. Fundi alicheka, akanipa soda. Waya ungerekebishika, ila ile koili ndiyo iliyonifukuza.

Turudi kwa Q150. Kinachozitofautisha ni kile wanachokiita Uni-Q, walichoanza nacho mwaka 1988: twita, ya sauti nyembamba, imekaa katikati kabisa ya koni ya wufa, ya sauti nzito, hivyo sauti nyembamba na nzito zinatoka sehemu moja. Faida yake niliiona kwenye kochi. Nikisogea kutoka kiti cha kati kwenda pembeni, mwimbaji habadiliki sauti. Na ile dansi ya mono, ambayo spika zote mbili zinapiga kitu kilekile, inasimama katikati ya ukuta mahali pasipo na spika yoyote. Jozi isipofanya hivyo, kuna tatizo kwenye spika, kwenye waya au namna ulivyozipanga.

Chumba changu kina urefu wa mita 4.2: kuta za tofali za saruji, vigae chini, dari ya jipsamu. Kabla ya kununua ningepiga kofi moja nikajibiwa na kofi tano. Tena kuna jambo baya zaidi ambalo kofi halilioneshi. Kwa joto la Dar sauti hukimbia kama mita 349 kwa sekunde. Gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili, unapata karibu hezi 41.5, yaani mitikisiko kwa sekunde, na huo ndio mlio ambao chumba chenyewe hupenda kuukuza. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, uko hezi 41.2. Maana yake kila mpiga besi akiugusa uzi ule, chumba nacho kinanguruma kwa raha zake. Sabufa ilikuwa inakichochea. Q150, kwa vipimo vya KEF, besi yake inaanza kupungua chini ya hezi 51, na kwangu upungufu huo ni neema. Mwenye ukumbi mkubwa, au anayetaka kuchezesha harusi, aziache kabisa.

Amplifaya yangu ni ya zamani, wati 40. Spika hizi zinatoa desibeli 86, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa wati moja hivi, ukiwa umbali wa mita moja. Mimi nakaa mita 2.3, na kitufe hakijawahi kufika nusu. Waya nilinunua wa shaba, milimita 2.5, duka la vifaa vya umeme. Ukwangue kwa kisu kabla hujalipa: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa.

Stendi nilichomelewa na fundi wa mageti, sentimita 72, bomba la mraba tukalijaza mchanga tulioanika siku mbili. Twita ikaja usawa wa sikio. Nikatandika zulia nene, na nyuma ya kochi nikasimamisha godoro la sponji lililovikwa kitenge. Hilo godoro limefanya kazi kuliko hela zote nilizotumia kwenye waya.

Jioni ya kwanza nikaweka Zawadi na kitabu chake. Mama yake akaita kutoka jikoni, "We Zawadi, umerudi saa ngapi?" Zawadi alikuwa Morogoro kwa bibi yake.

Tundu la hewa la spika hizi liko nyuma, kwa hiyo hazitaki kubanwa ukutani. Zangu ziko sentimita 45 na bado besi ilikuwa inavimba kidogo, nikaziba kila tundu kwa soksi iliyokunjwa. Ikatulia. Soksi ni nyeupe, za shule. Mwenyewe amerudi, anaulizia.