EV-E301 ya JR East: betri inayolipa wakati wa breki

Swali linaloulizwa kwanza kuhusu treni hii ya betri ya kampuni ya reli ya Kijapani JR East ni moja: inafika wapi bila waya wa umeme wa juu ya reli? Jibu halina ugumu. Njia ya Karasuyama, inakofanya kazi tangu Machi 2014, ina kilomita 20.4 tu, na mabehewa yake mawili yamebeba betri za lithiamu za kilowati-saa 190. Sifa yake kubwa iko kwenye breki.

Tupige hesabu. Treni ya tani 80 ikienda kilomita 65 kwa saa ina nishati ya mwendo ya kilowati-saa 3.6 hivi, haifiki hata asilimia 2 ya betri hizo. Shida ni muda. Kwa breki ya kawaida itasimama ndani ya sekunde 23 hivi, kwa hiyo mota, zikigeuka jenereta, zitasukuma wastani wa kilowati 570, na mwanzoni mwa breki karibu mara mbili ya hapo. Betri ndogo haiwezi kumeza mkupuo huo: seli hupata joto, huchakaa mapema, na pedi za breki ndizo zinazobeba mzigo. Superkapasita, kifaa kingine cha kuhifadhi umeme, humeza haraka zaidi, ila kwa uzito uleule hubeba nishati kidogo mno. Kilomita 20 bila waya haziziwezi.

Faida ya pili huonekana chini ya waya, kati ya Utsunomiya na Hoshakuji, kipande cha njia kuu inachopita kabla ya kuingia tawi la Karasuyama, kwenye volti 1500 DC (umeme wa mkondo mnyoofu). Treni isiyo na betri ikifunga breki pale na hakuna treni jirani ya kuupokea umeme, volti hupanda, inveta, kifaa kinachoongoza umeme wa mota, huacha kurudisha, na nishati yote huishia kuwa joto na vumbi la pedi. Yenye betri inao mpokeaji tumboni mwake.

Kituoni Karasuyama, mwisho wa tawi, sehemu ya kuchajia imefungwa upau mgumu juu badala ya waya mwembamba, na hapo mafundi wanastahili pongezi. Treni iliyosimama huvuta mkondo mkubwa kupitia eneo dogo la mguso. Waya wa kawaida ungelainika pale pale na mwishowe kukatika.

Mambo mawili yanahitaji uangalifu kwenye treni yoyote ya aina hii. Betri ikijazwa pomoni haina pa kuweka umeme wa breki, hivyo iachiwe nafasi, hasa kabla ya mteremko. Na kwenye baridi kali usiilazimishe kupokea umeme: lithiamu hujipaka juu ya elektrodi (bamba la ndani ya seli) badala ya kuingia ndani yake, na uwezo unaopotea hivyo haurudi.

Kwa tawi fupi linalochomoka kwenye njia yenye waya, ni chaguo bora kuliko dizeli. Njia yenye waya wa kilovolti 25 AC (umeme wa mkondo geu) mwanzo hadi mwisho haiihitaji: umeme wa breki hurudi gridini kupitia transfoma, na betri inabaki uzito wa kubeba bure.