Denon AVR-X3800H na spika mbishi: igeuze uone mgongo kabla ya kuhesabu wati

Hii naandika kwa wenye spika mbishi, maana mwenye spika laini anaweza kununua risiva (kile kifaa kinachopokea sauti ya muvi na kusukuma spika zote za sebuleni, kama hii Denon) karibu yoyote na akala raha. Spika mbishi ni ile unaifungulia sauti mpaka nusu na bado inaongea kwa chini chini, ukilazimisha risiva ndo inaanza kuchemka. Mi ninazo KEF LS50 Meta, toleo la 2020, ukiziona ni vispika vidogo tu vya koni ya inchi 5.25 na mgeni akija anadhani hata redio ya mezani itavisukuma, lakini soma karatasi yake sasa: sensitiviti (sauti inayotoka kwa wati 1 hivi) desibeli 85, omu (ukinzani wa umeme) zimeandikwa 8 ila zinashuka mpaka 3.5. Hapo kwenye 3.5 ndo penye kazi, kwa sababu voltaji ileile inavuta mkondo wa umeme zaidi ya mara mbili ya ule ambao ungevutwa kwenye omu 8, na risiva nyingi za bei ya kati transfoma yake haijatengenezwa kubeba mzigo huo muvi nzima.

Hesabu yenyewe haina longolongo. Kuongeza desibeli 3 unahitaji wati mara mbili, kuongeza 10 unahitaji mara kumi. Spika kibao za Klipsch zinaandikwa desibeli 95 kwenda juu, maana yake pale Klipsch inapokula wati 10, KEF yangu inataka 100 ili zilingane sauti. Alafu kuna umbali, ile 85 imepimwa mita 1 kutoka kwenye spika, we umekaa kwenye kochi mita 3, chumbani hapo unapoteza desibeli 6 hivi au zaidi. Kwahiyo ukitaka mlipuko ukufikie kwenye kochi kwa desibeli 95 unahitaji kama wati 40, ukitaka 105 kama sinema zinavyopimwa ni kama wati 400, na hizo hakuna risiva ya hela zetu inatoa, achilia mbali kwamba spika zenyewe hazitakubali. Ndo maana nikisikia muuzaji anamwambia mtu "hii ina wati elfu moja bosi" roho inaniuma, maana mteja anatoa hela yake halali kwa namba ambayo mara nyingi ni jumla ya chaneli zote (kila chaneli ni njia ya spika moja), na kila chaneli imepimwa ikiwa inafanya kazi peke yake.

Risiva niliyokuwa nayo kabla ya hii siitaji kampuni. Muvi ikiwa kwenye maongezi ilikuwa safi kabisa, ila ngoma zikiingia sauti inakonda, herufi "s" zinaanza kuchoma masikio, alafu tak, skrini inazimika na taa nyekundu inapepesa. Haijaungua, inajilinda tu. Mafundi wawili watatu waliniambia niingie kwenye setingi niweke omu 4, na hili nataka watu walielewe vizuri: ile setingi haiipi risiva nguvu yoyote, inabana voltaji ili isichemke, yani unapata nguvu pungufu zaidi ya uliyokuwa nayo. Iacheni kwenye 8.

Sasa X3800H. Ilitoka 2022, Marekani ilitangazwa dola 1,699, huku kwetu ukiongeza usafiri na ushuru inapanda. Chaneli 9, wati 105 kwa omu 8, na hiyo 105 ni chaneli mbili zikifanya kazi, masafa yote 20Hz mpaka 20kHz, kwa hiyo ni namba ya ukweli. Peke yake inazisukuma LS50 vizuri kuliko ile ya mwanzo, kwa sauti ya kawaida ya usiku watoto wamelala huna cha kulalamika. Ila mimi sikuinunulia hizo wati.

Igeuze uangalie nyuma. Kuna safu ya matundu yameandikwa PRE OUT, sauti inatoka humo kabla ya kukuzwa, chaneli zote zipo, na ndo kitu mwenye spika mbishi anatakiwa kukitafuta kwanza kabla ya kuuliza kingine chochote. Maana yake risiva inabaki na kazi ya akili, kusoma Atmos (mfumo wa sauti za muvi zinazokuzunguka mpaka juu ya kichwa), kugawa chaneli, kurekebisha chumba, alafu kazi ya misuli unaihamishia kwenye ampli (kikuza sauti) ya pembeni. Na kwenye menyu unaweza kuzitoa kazini ampli zake za ndani kwa spika za mbele, risiva ikapumua na zile za ndani zikabaki zinahudumia spika ya katikati na za nyuma tu. Mi nimeunga Crown XLS 1502 kwa waya wa RCA, wati 300 kwa omu 8 na 525 kwa omu 4 kila upande, ona hapo namba inavyopanda omu zikishuka, hicho ndo kipimo cha ampli isiyoogopa spika. Sensitiviti ya kuingiza sauti kwenye hiyo Crown weka 1.4V. Ina feni, kwahiyo usiiweke karibu na kichwa chako.

Tofauti haipo kwenye makelele. Nilipiga taarabu ya zamani, ya fidla nyingi na kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), kwa sauti ya wastani tu. Kabla, fidla zikiingia zote pamoja zinakuwa ukuta mmoja wa sauti, sasa kanuni inasikika inavyodonolewa nyuma yao, uzi mmoja mmoja, na mwimbaji hasogei kutoka katikati hata kikundi chote kikipandisha. Kwenye muvi ngoma inapiga na inakata hapohapo bila kuburuza.

Kurekebisha chumba kuna Audyssey, mfumo wa ndani unaopima chumba na kusawazisha sauti, na maiki yake ndani ya boksi, pima sehemu zote 8, zima feni na AC kwanza. Dirac, mfumo mwingine wa kazi hiyohiyo, inawezekana ila leseni unainunua pembeni na sio bei ya vocha. Kitu cha kushika hapa ni kukata besi: weka spika "small" na krosova (mpaka wa kugawa besi) 80Hz au 100Hz, maana LS50 zenyewe karatasi inasema 79Hz, besi yote ya chini iende kwenye sabufa, spika ya besi tu, yenye ampli yake. Hapo umezipunguzia spika na risiva mzigo mkubwa bila kutoa shilingi. Matundu ya sabufa yapo manne na kila moja linajitegemea.

Wenye ndugu Marekani mnisikilize, za kule ni 120V, ukichomeka kwenye 230V yetu imeisha. Agiza ya Uingereza, voltaji ni hiyohiyo na plagi ni hiyohiyo ya pini tatu, alafu weka kilinda umeme, ukikatika na kurudi ghafla hiki kifaa hakina huruma. Na msiifungie kwenye kabati la TV, kwa joto la Dar juu yake acha nafasi ya kutosha.

Kama spika zako ni za desibeli 93 kwenda juu na sebule ndogo, mi nisingekushauri uifikie hii. Denon mdogo wake, X1800H ya wati 80, itakutosha, haina PRE OUT za spika za mbele ila wewe hauzihitaji, na hela inayobaki tafuta sabufa nzuri.