Kadi ya mpiga kura: nimekaa nayo tangu BVR, haya ndo maoni yangu

Wadau wa Mbeya, leo nataka nitoe maoni kuhusu kitu ambacho karibu kila mtu anacho kwenye waleti ila sijaona mtu akikifanyia tathmini, kadi ya mpiga kura. Mimi ninayo tangu BVR ya 2015, yaani uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za alama za vidole, ile iliyoanzia huku huku kwetu Nyanda za Juu, mkoa wa Njombe ndo ulikuwa wa kwanza nchi nzima.

Usajili nyota 5 bila ubishi. Ni bure, unaweka vidole, unapigwa picha, unaondoka na kadi yako palepale. Daftari lilipokuja kuboreshwa Mbeya nilimpeleka mama mdogo, kahamia Ilomba kutoka Chunya kwa hiyo alikuwa anabadilisha taarifa, mvua inanyesha balaa, wale vijana wa mashine wakampa kiti na wakamhudumia kabla yetu, akaondoka anawaambia ndaga fijo, asanteni sana kwa Kinyakyusa. Na kadi inasaidia kweli, gesti wanaipokea, VICOBA ukimdhamini mtu unaitoa, na kabla ya NIDA kutubana kwenye laini za simu wengi tuliishi kwa hiyo kadi.

Sasa ile kazi yake yenyewe, kuamua nani atuongoze. Hapa naomba tuongee taratibu.

Kuna mahali inafanya kazi na tumeshuhudia. 2010 Mbeya Mjini tulimpeleka Sugu (Joseph Mbilinyi wa Chadema) bungeni akiwa upinzani, 2015 tukamrudisha, Iringa Mjini nao na Msigwa wao hivyo hivyo miaka hiyo hiyo. Hata wazee wa Tukuyu watakwambia enzi za chama kimoja ulikuwa unachagua mbunge kwa alama ya jembe au nyumba, wote wa chama kilekile lakini mawaziri walianguka, Paul Bomani alikuwa waziri wa fedha 1965 na wananchi wakamwangusha. Kwa hiyo anayesema kura haijawahi kuwa na nguvu nchi hii anakosea, imewahi.

Shida iko kabla ya siku ya kupiga kura jamani. Wewe unafika kwenye kituturi unakuta majina, umeshajiuliza nani kayachuja? Kwenye kura za maoni za chama mtu anaongoza halafu vikao vya juu vinakata jina lake. Akisema basi nagombea mwenyewe, hawezi, Katiba inataka adhaminiwe na chama, na Mahakama ya Afrika iliyoko hapo Arusha ilishasema 2013 kwenye kesi ya Mtikila kwamba hiyo inakiuka haki yake, mpaka leo hatuna mgombea binafsi. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi anateuliwa na Rais, ambaye mara nyingi na yeye ni mgombea. Na akishatangazwa mshindi wa urais, ibara ya 41 inasema hakuna mahakama ya kuchunguza, matokeo ya mbunge unaweza kwenda kuyapinga, ya Rais huwezi.

Ndo maana uchaguzi wa 2025 uliniuma sana. Chadema hawakuwemo kwenye karatasi kwa sababu hawakusaini maadili ya uchaguzi, mwenyekiti wao Lissu alikuwa ndani kwa kesi ya uhaini, Mpina, mgombea urais wa ACT, kaenguliwa, halafu tunatangaziwa Rais Samia kapata asilimia 97.66. Vijana wakaingia barabarani, intaneti ikazimwa, watu wakapoteza maisha. Kwa mtu aliyepanga foleni na kadi yake kwa nia njema, alikuwa amebakiziwa kuamua nini pale?

Nyota zangu kwenye kuamua: diwani na mbunge 3, Rais 2. Na bado nasema mtu asitupe kadi yake wala asiiuze, maana zipo kazi nyingine hamzitumii. Daftari likibandikwa nenda ukaangalie jina lako, na siku ya kura matokeo yanabandikwa kituoni, fomu 21A ya Rais, 21B ya mbunge, 21C ya diwani, nakili namba za kituo chako uje ulinganishe na zile za kutangazwa. Huo ni ushahidi, na huwa unaachwa ukutani unalowa.

Halafu kuna kazi moja ya hii kadi ambayo haijawahi kujaribiwa kabisa. Kura ya maoni ya Katiba mpya ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa BVR ulikuwa haujakamilika. Rasimu ya Tume ya Warioba, ile iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu Katiba mpya, ilikuwa na mgombea binafsi, ilikuwa na kupinga matokeo ya urais mahakamani, yaani hivi hivi ninavyolalamikia hapa. Uandikishaji ulishakamilika siku nyingi, kadi tunazo, na hiyo kura hatujaitiwa mpaka leo, mimi naidai.