Taa za bustani za volti 12: Nairobi ununue ipi?

Mara nyingi kinachoua taa ya bustani si balbu, ni maji: yanapenya kwenye maungio ya waya au chini ya kioo, na mvua ya Aprili inamaliza kazi. Kwa hiyo nimezipanga kwa jinsi zinavyostahimili maji, si kwa urembo.

Ya kwanza kwangu ni aluminiamu nzito ya kumimina, iliyopakwa rangi ya poda. Ya pili ni brasi. Hudumu zaidi, sibishi. Ila Nairobi hatuna chumvi ya bahari inayoila aluminiamu kama kule Mombasa, na brasi ina soko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ukiichomeka nje ya geti, usishangae ikipata mwenyewe mwingine. Kama una ukuta na askari, ipandishe iwe ya kwanza.

Ya tatu ni stenlesi. Gredi ya 304 inatosha huku bara, 316 waachie watu wa pwani. Za mwisho ni za plastiki zenye sola. Hizo ni za mpangaji anayehama kesho: kuanzia Juni hadi Agosti mawingu yakitanda, betri hailali imeshiba na njia inabaki giza kabla hujarudi nyumbani.

Ukienda Luthuli au River Road, beba sumaku. Ikinasa kwenye "brasi", hicho ni chuma kilichopakwa rangi. Kisha omba kufungua skrubu za kioo. Mpira wa ndani uwe laini, uzunguke wote bila kukatika. Ukiubonyeza kwa ukucha urudi mahali pake. Muuzaji akikataa usifungue, umeshapata jibu. Angalia pia alama ya IP, inayoonyesha taa inavyozuia vumbi na maji: ya kuchomeka udongoni iwe IP65, ya kuzikwa ardhini IP67, maana hiyo hupimwa kwa kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Mwanga wa 2700K hadi 3000K, ule wa manjano kidogo, unapendeza kwenye majani.

Pesa ya kubana usiibane kwenye waya. Taa 6 za wati 5 ni wati 30, yaani ampea 2.5. Zikiwa mwisho wa mita 20, waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unapoteza karibu volti 1.2, wa 2.5 unapoteza kama 0.7. Transfoma, ile ya kushusha umeme wa nyumba hadi volti 12, usiijaze: kwa wati 30 chukua ya 60, upate nafasi ya kuongeza.

Wa Embakasi na Syokimau, ule udongo mweusi huvimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, ukivuta waya. Acha waya ulegee kidogo kila penye taa, na upitishe kwenye paipu ili jembe la mtunza bustani lisiufikie. Na fundi wa stima akitoa tepu nyeusi afunge maungio ya ardhini, mwambie airudishe mfukoni, atumie viungio vyenye jeli ndani.